Sista Bresha na Wagonjwa Wasio na Presha

Ninyi mnaoanza uuguzi wa afya ya akili, hasa ninyi mliopangiwa huku kaskazini na mkalia mlipoifungua barua, sogeeni niwaambie. Hata mimi nililia. Mimi ni Mtaita, nimekulia kwenye baridi na ukungu, na siku niliposhuka Garissa mara ya kwanza nilidhani injini ya basi inanipulizia mvuke usoni. Nikasogea kando. Mvuke ukanifuata. Kumbe ndiyo hewa yenyewe. Nilipanga kukaa miezi sita, na nimestaafia hapa hapa. Juzi nilipokwenda kusalimia kwetu milimani nilivaa sweta mbili, wadogo zangu wakacheka hadi wakakaa chini.

Mji huu unanijua kama Sista Bresha. Ulimi wa Kisomali unaipa herufi p likizo, na b ndiyo inayoshika zamu. Nalipenda jina hilo kuliko vyeti vyangu vyote, ingawa limetokana na uongo, na uongo huo niliuandika mimi mwenyewe kwa rangi, kwa mkono wangu, tena juu ya mlango wa serikali.

Ilikuwa hivi. Wakubwa wa kazi waligundua kwamba wanawake wanaofanya kazi ya ngono katika mji wetu walikuwa wakipimwa kila kitu kuanzia kiunoni kwenda chini, na hakuna aliyewahi kuwauliza habari za kuanzia shingoni kwenda juu. Nikapewa mimi jukumu hilo. Nikapewa na chumba mwisho wa kituo cha afya, meza, viti vitatu, kabati la fomu, na kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: KLINIKI YA AFYA YA AKILI. Nilikipangusa vumbi kila asubuhi kwa fahari.

Miezi mitatu ya kwanza wagonjwa wangu walikuwa mbuzi. Wawili walikuja kila siku bila kukosa, maana chumba kilikuwa na kivuli kizuri. Mmoja alikula fomu ya rufaa. Nilikuwa nikikaa humo tangu saa mbili asubuhi, nimenyoosha sare, nimechonga kalamu, nikijiambia kwamba wanawake hawa hawajali afya zao.

Aliyenifumbua macho ni Halima wa Elwak. Halima alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa mwili na mwembamba wa maneno, aliyewahi kuifanya kazi ile kwa miaka mingi kabla ya kuiacha na kuanza kuuza chai ya maziwa ya ngamia nyuma ya maegesho ya malori. Wanawake wote wa pale walimwita habaryar, yaani mama mdogo, na wakipata tatizo lolote walianzia kwake. Siku hiyo alikuja kituoni kwa ajili ya jino. Akapita mlangoni kwangu, akasimama, akanitazama mimi na mbuzi wangu.

Akaniuliza nangoja nani. Nikamweleza. Akaniuliza nimewaambia waje saa ngapi. Nikasema saa mbili asubuhi. Akacheka huku ameshika shavu lake la jino.

"Sista, saa mbili kwa hawa wasichana ni usiku wa manane. Wewe naita mtu katikati ya usingizi, halafu nasema yeye ni mvivu."

Kisha akanyoosha kidole kwenye kibao. Akanieleza kwamba msichana wa kazi ile ana aibu moja tayari, na anaificha kwa buibui, kwa jina la bandia, kwa simu mbili. Mimi namwita aje mchana kweupe, apite mbele ya foleni ya wajawazito, aingie mlango ulioandikwa kwamba yeye ni mwendawazimu. Nani anakuja kununua aibu ya pili na hata ya kwanza haijaisha?

Nikamuuliza nifanye nini.

"Andika bresha," akasema. "Bresha haina aibu. Hata sheikh iko na bresha."

Akaenda kung'olewa jino. Mimi nilikaa nikifikiri kwa siku mbili, kisha nikanunua kopo la rangi, nikaandika KLINIKI YA PRESHA, nikaweka mashine ya kupimia mezani ili uongo wangu uwe na miguu, na nikahamisha saa za kazi ziwe baada ya sala ya adhuhuri. Mkuu wangu alipokiona kibao aliniuliza kama nimebadili taaluma. Nilipomweleza alikuna kichwa, akasema yeye hakuona kitu, akaenda zake. Wakubwa wa namna hiyo muwaombee dua, ni wachache.

Wiki iliyofuata foleni ilifika langoni.

Tatizo ni kwamba nusu ya foleni walikuwa watu wa presha. Wazee wenye hina kwenye ndevu, mama wenye maduka, askari wa zamu, wote walisikia kuna mashine mpya. Ningefanya nini? Niliwapima. Mchana mzima napima mikono, na katikati yao, mmoja mmoja, wanaingia wasichana wa Halima, nafunga mlango, tunaongea. Hakuna aliyejua nani kaja kwa lipi. Hapo ndipo nilipoelewa akili ya yule mama: mtu mwenye siri hujificha vizuri zaidi katikati ya watu kuliko kichakani.

Mmoja wa wale wa presha ni Mzee Dubow. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa ngamia aliyepoteza karibu mifugo yake yote kwa ukame, na alikuwa na presha nzuri kuliko yangu. Nilimwambia hivyo mara ya kwanza. Akaja tena siku ya pili. Nikamwambia tena. Akaja ya tatu, anakaa kwenye benchi tangu adhuhuri mpaka alasiri, anawasimulia waliokaa karibu habari za ngamia mmoja mmoja, kwa majina, na tabia zao. Nilimkasirikia kwa kunijazia benchi. Ilinichukua mwezi mzima, mimi niliyesomea kazi hii, kumuuliza usiku analalaje. Akasema halali. Akifumba macho anawasikia wakilia kiu. Jifunzeni hapo: nilitengeneza mlango wa uongo kwa ajili ya wanawake, na mzee wa watu akaupitia, na mimi nikawa namwambia arudi nyumbani kwa kuwa ni mzima.

Sasa niwaambie habari za Nasra. Si jina lake. Amejichagulia mwenyewe, na ameniruhusu nisimulie, mradi niseme kwamba yeye ni mrembo. Ni mrembo.

Nasra alitoka upande wa Ijara. Baba alikufa, mifugo ikafa, akabaki mama na wadogo, naye akaja mjini akamwambia mama yake kwamba amepata kazi ya kupika hotelini. Nilipokutana naye alikuwa na miaka ishirini na sita. Aliletwa na Halima, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa nje. Dereva mmoja alikuwa amempiga vibaya na kumtupa kando ya barabara. Alikwenda kutoa taarifa kwenye kituo kimoja cha polisi, na aliyekuwa zamu akamuuliza kwa kicheko kama yule mtu alimlipa kwanza. Tangu siku hiyo akisikia breki za lori anatetemeka, hali chakula, na usingizi umemkimbia. Wiki ya sita sasa.

Nilikuwa na fomu yangu. Nikaanza: "Katika wiki mbili zilizopita, umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda?"

Akafikiri kwa makini, akaniuliza, "Mambo gani?"

Fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Ningenyamaza hapo ningekuwa muuguzi mwema. Lakini mimi nilikuwa na moyo wa huruma, na moyo wa huruma usio na akili ni hatari kuliko mbuzi kwenye kabati la fomu. Nikainama mbele, nikamshika mkono, nikamuuliza kwa nini asiiache kazi hii.

Akautoa mkono wake polepole. Akashukuru. Akatoka.

Jioni ile Halima alinijia amevaa uso wa kesi. "Mama yake akijua atauliza hiyo. Sheikh anauliza hiyo. Bolisi iliuliza kama amelipwa. Yeye alikuja kwako sababu ya usingizi. Wewe uliona usingizi? Ulimuuliza habari ya usingizi?"

Nikaenda kuomba radhi kule kwenye chai. Kwa desturi ya Halima huwezi kuomba radhi ukiwa umesimama, lazima ukae na unywe. Nasra hakuja siku ya kwanza, wala ya pili. Nilikunywa chai ya maziwa ya ngamia vikombe vitano kila siku kwa siku tatu, na wale mliowahi kunywa maziwa ya ngamia bila mazoea mnajua tumbo langu lilinifanyia nini. Siku ya tatu alikuja, akaniona nimejikunja kwenye kigoda natoka jasho, akaniuliza kama ni mgonjwa.

Nikamwambia, "Mimi ni mjinga kwanza, halafu ni mgonjwa. Pole kwa lile swali."

Akakaa. Hatukuongea lolote la maana siku hiyo. Lakini keshoye alikuwa kwenye benchi la presha, kati ya askari mmoja na Mzee Dubow, anasimuliwa ngamia aliyeitwa Cadey, kwa maana ya mweupe, ambaye alikuwa na wivu.

Tukaanza kazi. Daktari alimwandikia dawa, na mimi nikamfundisha kutuliza mwili kwa pumzi. Mwongozo niliopewa ulisema mgonjwa afumbe macho, avute pumzi, ajione ameketi ufukweni, mawimbi yakija na kurudi. Nikamsomea kwa sauti laini niliyoifanyia mazoezi nyumbani. Pumzi zake zikaanza kwenda mbio. Nikazidi kulainisha sauti, nikaongeza mawimbi. Akafumbua macho kwa hofu.

"Sista, hii maji inaniua. Naweza toka?"

Hajawahi kuiona bahari. Maji mengi anayoyajua ni mafuriko yaliyobeba mbuzi wao. Mimi nami, namwita mtu wa Ijara nimzamishe ili alale. Nikaufunga mwongozo nikamuuliza yeye ni mahali gani mwili wake uliwahi kutulia. Akasema ni zizini alfajiri, mama yake akikamua, maziwa yakiingia kwenye chombo, kile kimlio chake. Basi tukapumua kwa kukamua. Vuta, chuu. Toa, chuu. Alasiri moja mkuu wangu alipita dirishani akatusikia wanawake watano wazima, mimi, Nasra na wenzake watatu, tumefumba macho tunasema chuu, chuu. Akaendelea na msimamo wake wa kutoona kitu.

Nasra akaanza kulala kwa muda wa saa tatu mfululizo, kisha saa nne. Akanenepa mashavu. Nikajisifu moyoni, na siku zote mtu wa kazi hii akijisifu moyoni ndipo mambo yanapoharibika.

Kilichoharibu ni binamu. Mtu wa ukoo wao alikuja na mifugo sokoni, akamwona Nasra mahali ambapo mpishi wa hoteli hana sababu ya kuwepo. Hakumpigia kelele. Alimwambia tu kwamba anarudi Ijara Ijumaa, na mama yake atapata habari zake. Nasra hakumwambia mtu. Siku yake ya kliniki ilipofika hakuja.

Nilimwona hayupo nikadhani amelala, nikafurahi hata. Ni Mzee Dubow aliyeniita nje. Akasema yule msichana wa bresha, yule anayesikiliza vizuri, amempita njiani akielekea mtoni. Amemsalimu hakujibu. Tena hana mtungi wala ndoo.

"Sista," akasema, "mtu wa hapa haendi mtoni mikono mitupu."

Mzee ambaye nilitaka kumfukuza kwenye benchi. Nilimwachia muuguzi mwenzangu mashine nikapiga simu kwa Halima, tukakutana njiani, tukashuka tukipita mashamba ya migomba, mimi mbele nikitweta, yeye nyuma akisoma dua.

Tulimwona kwenye ukingo, ameketi, viatu amevivua na kuvipanga vizuri kando yake. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu wa tope. Tulivyofundishwa ni kwamba usimkimbilie mtu wa hali ile. Umwendee taratibu, akuone, umwite kwa jina. Nilikumbuka yote. Nikamwita kwa jina, akageuka, nikapiga hatua moja ya taratibu, ya kitaalamu kabisa, na ukingo ukavunjika chini yangu.

Kilo zangu sitaziandika hapa. Niseme tu kwamba ukingo ulikuwa na haki yake. Niliteleza kwa makalio mpaka chini, nikazama kwenye tope hadi kiunoni, maji yakanifikia mbavu, na mbele yangu, hatua chache, kikaelea kitu kirefu cheusi chenye magamba. Nilitaja watakatifu wote niliofundishwa utotoni. Halima juu alikuwa akinipa maelekezo kwa Kisomali, mengine kuhusu miguu, mengine kuhusu ujinga.

Aliyeshuka ni Nasra. Alishuka kama mtu aliyezaliwa kwenye kingo za mito, akakaza mguu kwenye mzizi, akavua mtandio wake, akanitupia, akaniambia nizungushe kifuani. Akavuta. Halima naye akateremka akamshika yeye kiuno akavuta. Tope liling'ang'ania kiatu changu, likakubali kuniachia mimi. Niliibuka kama ndama anayezaliwa. Kile kitu cheusi kiligonga ukingo polepole na kugeuka. Lilikuwa gogo.

Tulilala pale juu watatu, hakuna mwenye pumzi. Na hapa, vijana wangu, nawaomba msikilize hata kama mnacheka. Watu wengi, wakiwemo wauguzi, huogopa kumuuliza mtu kuhusu kufa kwa kudhani watamtia wazo asilokuwa nalo. Humtii wazo lolote. Kama wazo lipo, lipo tayari, na limekaa peke yake gizani. Ukiuliza waziwazi, unakaa nalo pamoja naye. Nikafuta tope mdomoni nikamuuliza.

"Nasra, ulikuja hapa kufa?"

Akaanza kukamua maji ya tope kwenye mtandio wake.

"Nilikuja hiyo," akasema. "Lakini sasa nimechoka. Wewe uko nzito sana."

Halima ndiye aliyeanza kucheka. Halafu mimi. Halafu Nasra, na kicheko chake kilianza kwa kukoroma kama gari lililokaa mwaka mzima bila kuwashwa, kikashika, kikawa kikubwa, kikageuka kilio, naye akalia hapo kifuani kwa Halima mpaka jua likainama. Akatueleza habari ya binamu. Akasema kupigwa alivumilia, kucheka kwa polisi alivumilia, lakini mama yake akijua, yeye hana uso wa kuishi nao.

Hatukumwacha peke yake. Wiki mbili alilala kwa Halima, zamu kwa zamu kuna mtu karibu. Daktari akabadilisha dawa. Nilimwona kila siku hata siku zisizo za kliniki. Wenzake wa kazi walileta chakula na umbea. Zamu nyingine za mchana zilishikwa na mwanamke ambaye zamani waligombana naye mpaka kutoana vifungo, na huyo ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu dawa. Wakaamua wenyewe kwamba kila Jumanne watakutana kwenye chai wapumue pamoja, na kwamba mtu akikosa Jumanne mbili atafuatwa nyumbani apende asipende. Sikuwafundisha hilo mimi. Hakuna fomu yenye akili hiyo.

Katikati ya siku hizo akaja mama mmoja kwenye foleni ya presha. Mwembamba, vumbi la safari kwenye ncha za shuka, macho ya mtu aliyeangalia mbali maisha yake yote. Hakujua Kiswahili, lakini kufikia hapo Kisomali changu kilikuwa kimekomaa. Nikampima. Ilikuwa juu kweli, nikashtuka. Kwa mwezi ule ndiye aliyekuwa karibu wa kwanza kuwa na ugonjwa ulioandikwa mlangoni. Nilipokuwa namwandikia dawa akasema anatoka Ijara na ana binti mjini. Akanitajia jina, jina lenyewe la kweli. Akaniuliza kama namjua.

Mlinzi wa siri ana sentensi moja tu, nayo lazima itoke bila kutetemeka. Nikasema simjui.

Akanitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri. Nilikuwa natafuta mtu asiyemjua binti yangu. Kwa hivyo naweza kuongea."

Akasema alifuatwa na binamu mwenye domo refu, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia akatafute kazi ya kufanya. Habari yenyewe haikuwa mpya kwake. Alikuwa anajua kwa miaka minne.

Nikamuuliza alijuaje.

"Anasema yeye ni mpishi wa hoteli. Kila Idi anakuja nyumbani. Sista, yule mtu hajui kupika anjera, mkate wetu wa kila asubuhi. Anaiunguza upande mmoja na upande mwingine ni uji. Hoteli gani hiyo?"

Nilijiuma ulimi nisicheke. Yeye mwenyewe alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. Akasema alinyamaza kwa sababu mtoto anayetafuta sitara humvui, unamngoja. Kilichomleta si kazi ya binti yake. Mara ya mwisho alipokuja nyumbani alimsikia usiku kucha akigeuka.

"Nina swali moja tu," akasema. "Mtu huyo usiyemjua, analala?"

Nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, na madaktari, na wakubwa wa wizara. Hakuna lililonibana hivyo. Nikamwambia kwamba siwezi kumsemea mtu nisiyemjua, ila wengi wanaokuja kwenye chumba hiki na kurudi tena na tena, huwa wanaanza kulala. Akafunga macho. Akasema alhamdulillahi. Nikamwomba aniruhusu nimfikishie ujumbe binti yake kama siku moja nitamjua. Akakataa. Alisema habari hiyo ni ya mtoto kuitoa, si yake kuichukua, na yeye hana haraka.

Basi nikabaki hapo katikati kwa miezi mitatu. Huku Nasra ananieleza kila wiki jinsi atakavyokufa mama yake siku akijua. Kule mama anajua na anangoja. Mimi, mwanamke nisiyeweza kuficha hata zawadi ya mtoto wangu, nilikula kucha mpaka zikaisha. Lakini sikusema. Siri si mali yako kwa sababu tu imewekwa kwako. Nilichoweza kufanya ni kumuuliza Nasra, kila alipokuwa na nguvu, je, ungependa mama yako ajue nini, kwa maneno yapi, na nani akiwa karibu? Akaanza kuyatafuta maneno. Halima alicheza nafasi ya mama, na alimlilia na kumlaani kwa ufundi mkubwa mpaka wapita njia wakaja kusuluhisha.

Mtaniuliza kama aliiacha kazi ile. Wakati huo hapana. Baadaye alipunguza, akaanza kuuza nguo, akairudia alipoharibikiwa, akaiacha tena. Analala. Anakula. Lori likifunga breki anageuka kuangalia, kisha anaendelea na habari zake. Kwangu hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya.

Idi ilipofika alikwenda nyumbani. Alisema alifika na hotuba nzima kichwani. Alikula, akakaa na wageni, akangoja usiku, akaogopa. Alfajiri alimfuata mama yake zizini, akasimama nyuma yake wakati anakamua, na kwa kuwa mama hakuwa anamtazama, maneno yakatoka. Hakufika hata nusu. Mama hakugeuka wala hakuacha kukamua. Alimwambia anajua, na kwamba maziwa haya akimaliza atamchemshia.

Nasra alikaa chini papo hapo kwenye samadi, kwa nguo zake mpya za Idi. Mama akamaliza kukamua, akamnywesha, akamtandikia mkeka ndani. Alilala tangu jua linachomoza mpaka adhana ya alasiri, bila dawa na bila kugeuka. Wadogo zake walimsimulia baadaye kwamba mama aliketi mlangoni siku nzima na fimbo mkononi akifukuza mbuzi, na majirani waliokuja kumpa mkono wa Idi aliwarudisha mmoja mmoja kwa sauti ya chini, akiwaambia waje kesho, mtoto ametoka safari ya mbali.